Fungu la Mama

Jumatatu mchana, Kamina. Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa imebaki manyunyu juu ya mabati.

Wapendwa wasomaji wangu, hamjambo? Watoto wako wazima? Homa ya msimu huu imewapita? Mimi mwili uko mzima, namshukuru Mungu. Ni moyo ndio umepigwa. Hata chai naimwaga.

Mnajua huku kwetu, siku ya mahari kila mtu ana fungu lake. Baba ana lake, mjomba ana lake, shangazi ana lake, na mama ana lake: kitenge kizima na mbuzi jike. Watu hawaangalii ukubwa wa kitu. Ni kule kuitwa mbele ya wote, ukasimama, na kila mtu akajua: huyu ndiye mama.

Nimelingojea fungu hilo miaka kumi na minane.

Ngoie nilimpokea akiwa na miaka miwili. Baba yake, mdogo wa mume wangu, alikuwa amefariki. Mama yake, Numbi, akarudi kwao Kabondo-Dianda, na mtoto akabaki kwa ukoo wa baba, ndiyo desturi. Mimi Mungu hakunijalia kuzaa. Huyo ndiye mtoto wangu. Basi.

Jana baada ya misa wakwe wa Ngoie wakaleta mahari. Msemaji wao, mzee mmoja mcheshi, akaita: "Mama ya mutoto iko wapi? Asimame tumuone!"

Nikasimama. Nimeshapiga hatua mbili, nikaona wakwe wote wanatazama nyuma yangu.

Numbi naye alikuwa amesimama.

Sikumwalika. Ngoie ndiye aliyemtumia ujumbe bila kuniambia, naye alisafiri siku mbili juu ya lori, akikalia magunia ya mahindi. Alifika tumeshaketi, akakaa mwisho kabisa, tope bado kwenye miguu.

"Eh, bamama babili!" akasema msemaji. "Na sisi tulileta mbuzi moja tu! Tutaikata mu kati?" Watu wakacheka. Akamgeukia Ngoie. "Haya bibi arusi, weye njo unajua mama ni nani. Peleka."

Ngoie akachukua kitenge. Akanipita karibu hivi, nikasikia nguo yake inagusa mkono wangu. Akampigia Numbi magoti.

Nilicheka pamoja na watu. Meno tu.

Baadaye nikamvuta jikoni, nikamwuliza nimemkosea nini. Hakukasirika. Akanishika mkono: "Mama, weye ulinipata minyi muzima. Yeye hakupata hata kipande."

Ni kweli, yeye mzima nilimpata mimi. Na bado nilikuwa na hasira, sitawaficha.

Sasa ngoja niwaambie jambo ambalo hata padri sijamwungamia. Ngoie alipokuwa na miaka tisa, Numbi alikuja mlangoni asubuhi moja, akaomba amwone mtoto. Nikamwambia yuko Kabongo kwa shangazi yake. Uongo. Ngoie alikuwa nyuma ya nyumba, anapukuchua mahindi na wenzake. Numbi akaacha kikapu cha samaki wakavu, akaondoka. Jioni nikawapika wale samaki. Ngoie akauliza wametoka wapi, nikasema sokoni. Niliogopa. Nilidhani akimwona mama yake mara moja tu, mimi sitabaki na kitu.

Miaka yote hii niliamini nilimdanganya Numbi.

Leo asubuhi mimi na Numbi tulikuwa wawili tu jikoni, yeye anaosha vyombo, mimi napangusa. Akaniita dada mkubwa, akasema polepole, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi: "Yaya, ile siku ya samaki nilimusikia Ngoie. Alikuwa anacheka nyuma ya nyumba."

Sahani ilinitoka mkononi.

Nikamwuliza kwa nini hakumwita. "Alikuwa anacheka," akasema. "Nikasema, basi, iko muzuri." Akaendelea kusugua sufuria. "Ngoie hajui. Minyi siwezi kumuambia. Ile ni maneno yako, umuambie weye."

Yesu wangu. Alijua, akaniachia na samaki! Na mimi nimepokea komunyo juu ya uongo ule miaka kumi na mmoja, halafu jana nikamwonea wivu kwa ajili ya kitenge.

Harusi ya kanisani ni Jumamosi. Ngoie amekwenda kusukwa nywele, atarudi saa kumi. Nimeamua: nitamketisha na kumwambia, Numbi akiwepo, kabla hajavaa nguo nyeupe akiamini kwamba sikuwahi kumnyima kitu. Naogopa sana. Nimeshika rozari lakini sala haitoki.

Kama kati yenu yuko aliyewahi kuambiwa na mama yake jambo la namna hii, naomba aniandikie: uliweza kumwita tena mama?

Nijibuni upesi, tafadhali. Sasa ni saa nane.