Upande wa Kushoto wa Picha

3 Februari

Flashi, mpwa wangu,

Kabla sijakusalimu: ile picha ya mama yako haikupotea tulipohama. Nilikudanganya. Ninayo, na nimekuwa nayo tangu Jumamosi ile uliyotoka ukaiacha ukutani.

Sasa nakusalimu. Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi nipo, ila daktari siku hizi hanipangii tarehe za mbali. Mkono umekataa kalamu, kwa hiyo naandikiwa na jirani yangu, karani mstaafu, ambaye ananisahihisha hata nikikohoa.

Nakikumbuka sana chumba cha kikundi chetu cha picha, nyuma ya duka la dawa. Kamba ya kuanikia picha, vibanio vya nguo, harufu ya dawa ya filamu iliyotufuata hadi nyumbani. Fundi Saa na picha za baiskeli yake, na Mama Kopi akimwambia, "Baba, baiskeli hii tunaijua kuliko wanao. Wiki ijayo tuletee hata pampu!" Naye Fundi Saa amebana midomo anataka kupasuka, maana kwetu mwenye picha hafungui kinywa mpaka wenzake wamalize kuikosoa.

Nikutumie kwa posta, au utaifuata mwenyewe?

Mjomba wako

*

29 Machi

Mjomba, shikamoo.

Pole sana kwa maradhi. Sisi wazima. Nimechelewa makusudi, barua yako niliiweka juu ya kabati nikawa napita mbali nayo.

Unajua kwamba filamu yenyewe iliharibiwa na maji. Nilikwishazoea kuwa mama hana picha nyingine akicheka. Kumbe iko kwako!

Siku ile nilipoibandika alikuwa bado hai. Wote walinyamaza. Wewe ukaisogelea, ukasema, "Upande wa kushoto hauna kazi. Ukate. Inayofuata." Mjomba, upande wa kushoto alikaa mama. Dada yako wa tumbo moja. Amekonda, kichwa hakina nywele, lakini anacheka. Nilijua umemwonea aibu, na mama aliponiuliza ulisemaje, nilimwambia. Mwezi uliofuata tukamzika, mimi na wewe tukapeana mikono kama watu waliokutana stesheni.

Sasa nina kikundi changu, hapa shuleni ninapofundisha. Nafuata utaratibu wako ule ule: sema unachoona, sema kinachokukwaza, sema ungefanyaje. Lakini nikifika kwenye "kata", ulimi unagoma. Juzi binti mmoja alileta picha nzuri yenye nusu ya pipa la taka pembeni. Nikamsifu tu. Akaipeleka kwenye maonyesho ilivyo, akarudi analia: "Mwalimu, uliliona pipa?" Nililiona.

Usiitume. Ibandike ukutani uisome upya, kana kwamba ni Jumamosi.

Mpwa wako, Flashi

*

20 Aprili

Flashi wangu,

Salamu nyingi. Mimi leo nina nafuu, nimekunywa uji na kuushinda.

Nimefanya ulivyoomba. Picha ni nzuri. Nuru yake imetulia, mpangilio una heshima, na mpigaji anaonekana anampenda anayempiga. Sina la kuongeza. Siku ile nilikosea, unisamehe.

Unakumbuka mvua ilivyokuwa ikipiga bati mpaka tunapigiana kelele? Mama Kopi alisema kikundi chetu ndicho pekee mjini ambamo watu wanakosoana kwa kupayuka na bado wanagawana chai. Fundi Saa alifariki mwaka jana. Mwanawe aliniambia walimzika baba, baiskeli ikabaki imeegemea ukuta, hakuna anayethubutu kuipanda. Natamani ningekuwa nimemsifia hata picha moja.

Mjomba wako

*

6 Mei

Mjomba, shikamoo.

Natumaini uji bado unashindwa. Nimelia kwa ajili ya Fundi Saa.

Lakini hayo uliyoniandikia ni maneno ya kumpa mtu anayeaga. Wewe ndiye uliyetufundisha: maoni yanayoweza kukaa kwenye picha yoyote hayajamsaidia mwenye picha hata moja. Nuru imetulia wapi? Mpangilio upi? Mama ameshika nini mkononi? Sitaki sifa, na msamaha tutauzungumza baadaye. Nataka uniambie unachoona.

Flashi

*

11 Julai

Mpwa wangu,

Hujambo, mama? Mimi sijambo ya kusema tu. Nimelazwa mara mbili tangu uandike. Leo karani ameleta kiti chake hapa kitandani, na nimemwomba asinisahihishe.

Unachotaka ni hiki. Kushoto kuna mwanamke kwenye kigoda, gauni jeusi, ungo mapajani, anachagua mchele. Kichwa kitupu. Mkono mmoja ameupeleka mdomoni kuficha meno, kama alivyokuwa akifanya tangu tukiwa wadogo, tangu nilipomwambia ana meno ya sungura. Amechelewa kuyaficha. Kulia kuna dirisha jeupe na sufuria mbili.

Kinachokwaza ni dirisha. Linang'aa mno, linamnyang'anya jicho. Ningekata kulia, karibu theluthi nzima, nimwache yeye ajae. Hilo ndilo ulilostahili kuambiwa. Ungerudi nyumbani ukaikata, ukampelekea kitandani aione. Na yule binti wa pipa mwambie ukweli. Atakununia wiki moja, kisha atakushukuru.

Lakini haya yote nimesomewa na karani, kama mke wangu, Mungu amrehemu, alivyonisomea mara ya kwanza. Siku ile baada ya wewe kutoka, Mama Kopi alininong'oneza, "Umeua, baba." Sikumwelewa. Niliibandua picha, nikaenda nayo nyumbani, nikampa mke wangu. Akaitazama, akakaa chini. "Kwani hukumjua dada yako?"

Kwa kawaida mimi nilisema mwisho. Nilisikiliza wenzangu wanaona nini, nikaokota humo, mkasema mzee ana jicho. Siku ile wote walinyamaza kwa sababu walimjua mama yako. Waliningoja mimi ndugu yake nianze. Ningalikufuata siku ile ile. Ila ningekwambia wewe, ingenibidi niwaambie wote kwamba mwaka mzima nimekuwa nikiwahukumu kwa masikio. Nikaona heri unichukie. Dada yangu akafa akijua kwamba nilisema akatwe.

Flashi, sikumwonea aibu. Sikumwona. Macho yangu yalikuwa yamekwisha kufa. Upande wa kushoto niliona doa jeusi, na sikujua kwamba ni mtu.

Mjomba wako