Kaburi la Nyuma ya Jiko

Shoga, kitendawili: nimezaa wanne, watu wanahesabu watatu. Jibu unalo wewe tu, uliyemuosha yule kichanga wangu.

Leo nimelisema mbele za watu.

Wale wa mgodi wa kinywe, madini ya betri, si waliniuliza nina makaburi mangapi ya kuhamisha? Nikajibu moja, la mume wangu. Moja, shoga. Tulivyolelewa, mtoto aliyezaliwa kimya hatajwi.

Leo tingatinga limefika nyuma ya jiko, na dereva ni kitindamimba wangu. Nikasimama mbele yake.

"Mama, toka, utanifukuzisha kazi."

"Hapo amelala dada yako."

Akazima mashine. Msimamizi akaja na karatasi yake: "Bibi, hapa ulisema moja."

Mwanangu hata hakumtazama. Alichimba kwa jembe, kisha kwa mikono, viganja vikawa vyeusi kama masizi. Hatukupata kitu, udongo tu.

Sasa amekaa hapa jikoni, anauliza dada yake aliitwa nani. Mimi sikumpa jina. Lakini wewe ulipokuwa ukimuosha nilikusikia unamwita.

Ulimwita nani, shoga?