Sahani Iliyofunikwa

Opelousas, 4 Machi 2023

Odile mdogo wangu,

Hujambo huko Oakland? Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila macho yanazeeka kabla yangu.

Nimeomba mahakama inifutie ile hatia ya kuiba kodiani. Miaka thelathini na tisa tangu nivunje duka la mzee Fontenot, na bado kwenye makaratasi mimi ni mwizi. Tangu binti yangu afariki, Amaya analelewa na watu baki, maana mwenye hatia hapewi mtoto, hata awe babu mzaa mama. Hakimu akitia sahihi, jalada litafungiwa lisionekane tena, na mimi nitampata mjukuu wangu.

Namwota marehemu Mama kila nikisinzia. Anapita mezani kama anaelea, anafunua sahani yangu, anaifunika, anaifunua tena. Wewe ulibaki naye nilipofungwa, unajua anataka nini?

Kaka yako,
Alcée

Oakland, 29 Mei 2023

Kaka Alcée,

Shikamoo. Goti linauma, mdomo mzima. Usinikasirikie kwa kukawia, nimechana barua tatu kabla ya hii.

Unajua Mama hakujua kuandika. Wiki ya hukumu yako alinikalisha mezani, yeye akasema, mimi nikaandika, barua ya kwenda kwa hakimu. Akanituma mahakamani. Nilikuwa na miaka kumi na moja, milango yote inafanana, nikaogopa kuuliza. Nikaisukuma chini ya mlango mmoja, nikakimbia. Nyumbani nikasema nimempa mkononi. Ulipofungwa nikajua nilikosea mlango. Ndiyo maana siji nyumbani, kaka. Si nauli, wala si joto.

Kabla hawajalifungia jalada, tazama kama imo.

Mdogo wako,
Odile

Opelousas, 16 Septemba 2023

Odile wangu,

U salama? Sisi wazima. Naam, sisi.

Karani aliniwekea jalada mbele, akasema, "Mzee, dakika kumi, na usinichanie kitu." Imo! Mwandiko wako ule wa kulala upande, na doa la mafuta ya Mama pembeni: "Mheshimiwa, mwanangu kaiba, simtetei. Lakini sahani yake siiondoi mezani, nitaifunika kila siku isiingie vumbi. Usinifunikishe miaka mingi." Chini yake hakimu kaandika kwa mkono wake: "Nimeisoma. Mitatu, si saba."

Mwendesha mashtaka aliomba saba, unakumbuka? Siku zote nilidhani hakimu alikuwa na njaa, anawahi chakula. Kumbe ni wewe. Ulikosea mlango gani, mtoto wewe? Ulinipa miaka minne, nami nimeitumia yote bila kusema asante. Nililia palepale, hata karani akaniongezea dakika tano.

Hatia imefutwa. Amaya alikuja Jumamosi iliyopita, akiburuta begi lake. Nikampikia gambo, ule mchuzi mzito wa kamba na bamia, akala mara mbili, kisha akauliza sahani ile niliyoifunika mezani tangu nitoke mahakamani ni ya nani.

Nimemwambia ni yako. Sasa kila asubuhi anaifunua, anaipangusa vumbi, anaifunika tena.

Kaka yako,
Alcée