Banda la kuku la kaka Theonest lapata mteja

Najat acha unachofanya. ACHA. Kaka yangu Theonest kaumbuka leo mpaka mbavu zinaniuma kwa kucheka 😭😭

Si unajua kicheche alivyommalizia kuku wake wote? Akaapa atajenga banda ambalo hata chui hapenyi. Hela hana, ila kuna nyumba inabomolewa huku Tabata, akaenda kuomba mabaki: mlango wa mbao, dirisha lenye nondo, mabati. Wavu kaufukia chini futi nzima, kicheche akichimba achoke mwenyewe.

Likatoka kubwa balaa. Halafu akalipaka rangi, jamani. Rangi!

Leo mchana yumo ndani anawapangia kuku wapya viota, anasikia hodi. Dalali wa vyumba! Tena kaja na mteja. KAJA NA MTEJA NAJAT

"Braza, samahani, unahama lini?"

Kaka kaduwaa na majani yake mkononi. Mteja, mbaba mzima kavaa tai, anagonga ukuta, anasifia hewa. Eti choo ni cha kuchangia?

Ikabidi kaka aseme, "Mzee wangu, hiki chumba cha kuku."

Dalali hata hakushtuka. "Kwani hao kuku washalipa kodi?"

Sasa wifi Sekela, ambaye kila mvua ikinyesha anakinga ndoo kitandani, kasikia yote. Akapaza sauti toka ndani ya nyumba: "Dalali, mlete mteja huku kwetu! Huko nahamia mie."

Kaka akacheka sana.

Akaja kuacha alipomuona wifi anatoka na godoro kichwani.