Kwa Kaka Aliyefunga Njia ya Shangazi Manka

Kaka mpendwa,

Hilo "mpendwa" nimeliacha kwa heshima ya Mama, aliyetufundisha kwamba barua isiyo na salamu ni hati ya polisi. Usilitafutie maana nyingine. Na kama unashangaa kwa nini nakuandikia hadharani, ni kwa sababu kila nikikutumia ujumbe wa simu kuhusu lile geti unanijibu kwa picha ya kondoo. Nimechoka na kondoo wako. Wana nyuso za viumbe wasiosumbuliwa na chochote, na sasa naelewa kwa nini mmepatana.

Unaikumbuka njia yetu? Ilianzia nyuma ya nyumba ya Shangazi Manka, dada yake Baba, ikakatiza kihamba chetu, shamba la ukoo, kati ya migomba na mibuni, ikapita mlangoni mwa jiko la Mama, ikavuka mfereji, ikashuka hadi kanisani. Babu aliipandia masale pande zote mbili, ili kila Mchagga akiyaona majani yale marefu ajue kwamba hapa ni mpaka na hapa watu wanapita. Sikuwahi kusikia mtu akiomba ruhusa. Wapitaji walisalimia, na Mama aliwajibu bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria, maana alimjua kila mmoja kwa kikohozi chake. Mfereji ulipofurika, wewe ulinibeba mgongoni kunivusha, ukinitisha: "Ukinikaba shingo nakutupa!" Nilikukaba. Hukunitupa. Kaka yule nilimpenda kuliko watu wote, na ndiyo maana huyu wa sasa namdharau kwa bidii.

Ukaenda Uingereza, ukaoa, ukahamia kijijini kwenu huko kwenye kanisa la mawe, baa moja na mvua isiyo na adabu. Nilipokuja kukutembelea kutoka Brussels, hukunipa hata nafasi ya kunywa chai. Ulinivalisha buti za mkeo, ukanitoa nje. "Twende nikuonyeshe njia," ulisema, kwa sauti ya mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

Nakiri, zilikuwa njia nzuri. Vishale vya njano kwenye nguzo. Ngazi fupi za mbao za kurukia ua. Tulikatiza shamba la shayiri la mtu katikati kabisa, kisha tukapita bustanini mwa mtu mwingine, chini ya kamba yake ya nguo, soksi zake zikinigusa paji la uso, naye mwenye nyumba akatupungia mkono kutoka dirishani.

"Hatatufukuza?" nilikuuliza.

Ulicheka. "Hawezi. Shamba linauzwa, nyumba inauzwa, njia haiuzwi. Hii imekuwepo kabla ya babu yake."

Mbele kidogo tukakuta mkulima ameilima njia nzima, na mahali pengine ameacha miiba ikaiziba. Hapo ndipo nilipokuona umekasirika kwelikweli. Sikukuona hivyo hata kwenye msiba wa Baba. Ulisimama kwenye tope, mkasi wa kukatia matawi mkononi, ukahutubia. Ulisema njia isiyopitwa hufa, ndiyo maana wewe na wenzako wastaafu mnazipita zote kila Jumapili, hata zile za hovyo zisizofika popote. Ulisema mpitaji akikuta njia imezibwa, sheria ya huko inamruhusu kuondoa kizuizi, kiasi tu cha kumwezesha kupita. Kisha ukanipa mkasi. "Kata," uliniambia. Nikakata. Miiba ilinichana mikono na nilijisikia fahari, mjinga mimi.

Jioni hiyo bibi mmoja wa kundi lenu, mwenye kofia ya sufu na mbwa mzee kuliko yeye, alinipa biskuti akaniuliza kama kwetu Afrika tuna njia kama hizi. Kabla sijafungua mdomo ukanijibia: "Hapana. Si kama hizi."

Niliitafuna biskuti ile kama changarawe. Nilijiambia ni adabu ya mgeni, unamfurahisha bibi wa watu. Nilikosea. Ulikuwa unatangaza mpango.

Nimesoma vitabu vya kutosha kujua kwamba njia hizo unazozisifu Waingereza hawakupewa kama zawadi ya Krismasi. Wenye mashamba makubwa walizizungushia ua wakaita usalama, wakaita maendeleo, wakaita mali yangu. Waliobaki nazo ni wale waliokataa kuacha kupita. Wewe umefika huko umeukuta ushindi wao umewekwa vishale vya njano, ukavaa buti, ukajihesabu miongoni mwa washindi. Kisha ukapanda ndege kwenda Kilimanjaro kuwa mwenye ua.

Desemba, kama kila Mchagga mwenye nauli, nilirudi nyumbani. Gari lilipokaribia kwetu nilimwona mwanamke mzee pembeni ya lami, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, malori ya mchanga yakimpita karibu kiasi kwamba khanga yake ilipepea. Nilimtambua kwa mwendo. Nikashuka.

"Shangazi! Mbona unapita huku?"

"Kule kuna geti, mwanangu." Hakusimama, mzigo ulikuwa mzito. "La kijani. Lina na kijana."

"Kijana gani?"

"Mlinzi. Wala si wa huku. Ananiuliza, 'Bibi, wewe ni nani, na unamwendea nani?' Mimi! Niliyemwogesha mwenye geti, tena alikuwa analia hataki maji!" Akacheka, halafu akanivuta kando, maana lori jingine lilikuwa linakuja na ilibidi tuingie mtaroni.

Kaka, macho yake hayaoni vizuri tena. Nataka ulisome hilo mara mbili, uliweke kando ya picha zako za kondoo. Kila asubuhi anakwenda kukata majani kwa kupita ukingoni mwa malori ambayo huyasikia kabla hajayaona. Jumapili anakwenda kanisani hivyo hivyo. Kuna siku lori moja halitasikika.

Nilikupigia simu nikiwa bado na matope ya mtaroni miguuni. Ulisema ni usalama. Ulisema ni ukuta tu. Nilipokubana ukatoa lililokuwa moyoni: nyumba mpya uliyoijenga kihambani ni ya wageni, wenzako wa Jumapili, watakuja kutembea milimani, na wazungu hawapendi watu kukatiza nyuma ya chumba cha kulala.

Wazungu hawapendi! Wazungu haohao ambao soksi zao zilinipiga usoni! Na watatembea wapi hao wageni wako wa kutembea? Watazunguka tangi lako la maji ndani ya ukuta? Umejenga nyumba ya wapenda njia juu ya njia. Mtu mwingine angeona aibu. Wewe ulinitumia bei ya vyumba.

Nilikutolea maneno siku ile. Siyafuti hata moja.

Mama Zaituni, jirani yangu hapa Etterbeek, Brussels, unamkumbuka. Ni yule wa Bujumbura aliyekukuta kwenye ngazi ulipokuja kunitembelea, tukiwa tunatoka kwenda msitu wa Soignes, nawe ukiwa na zile fimbo zako mbili za chuma za kutembelea. Alikutazama juu mpaka chini akakuuliza kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kifaransa, "Alors tonton, mjomba, fimbo mbili? Miguu inakuuma, ama umekuja kuchunga?" Ulikasirika njia nzima, mpaka tukaingia msituni ukawageukia waendesha baiskeli, ukawafokea kwamba njia ni ya waendao kwa miguu. Juzi nilimsimulia habari ya geti. Mama huyu alishawahi kukimbia na watoto usiku, akikatiza mashamba ya watu asiowajua, na hakuna aliyemfungia. Aliweka kikombe chini. "Donc anafunga njia ya watu na cadenas, na kufuli? Uyu ni kaka yako ama ni commune, ni manispaa?"

Nilicheka, kisha sikuweza kumaliza chai.

Sasa binamu zetu wameanza kunipigia. Wanasema mimi ni mdogo, nimekutukana, nikuletee jani la sale tuyamalize. Desturi ninaijua: aliyekosa hupeleka sale, na anayepelekewa hawezi kukataa kusamehe. Swali langu kwao lilikuwa moja tu. Sale lipi? Mafundi wa kaka waliyang'oa yote, pande zote mbili, wakayatupa barabarani ili ukuta upite.

Lakini kuna kitu hujui. Shangazi aliyaokota. Aliyakata vipande akavichomeka mbele ya nyumba yake, na sale halibembelezwi, ukilichomeka linashika. Nimeyaona. Yana majani mapya, membamba, ya kijani ambayo si ya rangi ya duka kama geti lako.

Kwa hiyo ukija, usije kwangu. Si mimi uliyemfungia njia. Zunguka kwa barabara kuu, kwa miguu, bila fimbo, pembeni mwa malori, mpaka mlangoni kwa Shangazi Manka. Mwombe jani moja la sale. Atakupa, maana hajui kunyima. Likishafika mkononi mwako, mgeukie umpe yeye. Hataweza kukataa, na nakujua, utalia kama ulivyolia kwenye beseni. Kisha mrudi wote wawili kwa njia ya ndani, yeye akitangulia, na huyo kijana wa getini asimuulize mtu jina.

Ukifanya hivyo, nitakusubiri ng'ambo ya mfereji, na neno "mpendwa" nitaliandika tena bila maelezo.

Usipofanya, Desemba ijayo narudi na msumeno wa chuma. Sitabomoa nyumba yako wala kugusa tangi lako. Nitafanya ulichonifundisha kwenye tope la Uingereza: nitaondoa kizuizi, kiasi tu cha kumwezesha mpitaji kupita. Ila kumbuka, Kaka, mpitaji mwenyewe ana mzigo wa majani kichwani, na mzigo wake ni mpana.

Mdogo wako, yule uliyembeba,
Etterbeek