Koko ni mimi, wa Moroni atafute jina lake

Mutsamudu, Jumatano. Mvua ya kaskazi tangu asubuhi, na kichochoro chetu kimegeuka mfereji. Hakuna mteja atakayevua viatu kuja kutoa fotokopi katika maji haya. Mlango nimeurudishia, chai iko pembeni, nimekasirika. Basi ninaandika.

Kwa wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni bibi wa mjini hapa, Kiswahili nilikipata Unguja nilikozaliwa. Shule niliiacha mapema, mama aliposema kusoma nimekwisha kujua, sasa nijue kupika. Kupika nilijua. Kompyuta nimejua uzeeni, na ninaijua kuliko vijana wengi wanaovaa tai. Ukurasa huu alinifungulia mjukuu wangu Najma, aliposema maneno yangu ni mengi kuliko masikio yake.

Chumba cha chini cha nyumba yangu ni ofisi ya Najma. Kuna kompyuta mbili, printa na mashine ya fotokopi. Alivuka bahari kwenda Moroni, mji mkuu ulio kisiwa kingine, kununua wino wa printa, akasema atarudi kwa meli inayofuata.

Meli inayofuata haijaja mpaka leo.

Wakubwa wa kisiwa chetu wamesema hawamtambui mkubwa wa Moroni. Wa Moroni wakasema vizuri, basi meli zisiende Mutsamudu, tuone. Tunaona. Bandarini wapakuzi wamelala juu ya magunia matupu. Sukari ukiipata unaificha hata ndugu yako asiione. Na mimi mjukuu wangu wamenikalia naye huko, kwa sababu ya wino.

Na wino wenyewe, hebu niseme. Printa ni mashine iliyoharibiwa na malezi. Unataka kuchapa barua nyeusi, herufi nyeusi, karatasi nyeupe, inakwambia haifanyi kazi kwa kuwa rangi ya samawati imekwisha. Samawati ya nini? Nani ameomba samawati? Mfanyakazi wa namna hiyo ningemfukuza siku ya kwanza. Mashine ya fotokopi ndiyo mtu: inakula karatasi, inatoa karatasi, ikikwama unaifungua tumbo, unavuta, inaendelea bila kununa.

Na msinisifie hizi kompyuta za kupakata. Cha kupakata ni mtoto. Kompyuta ikae mezani, iwe na kisanduku chake na skrini yake. Skrini yangu ina mgongo mnene, inachukua nusu ya meza. Sikuwa na neno nayo, mpaka nilipoiona ya Bi Mariamu.

Bi Mariamu ni mama wa baba yake Najma. Wa Moroni. Najma anakaa kwake. Ana skrini bapa, nyembamba kama sinia, mwanawe amemletea. Mwanamke huyu ambaye juzi juzi tu simu alikuwa akiishika kwa kitambaa kama sufuria ya moto, leo ana skrini bapa! Niliposema na Najma wiki iliyopita kwa kamera, nilimwona nyuma yake ameketi, ananitazama, amejifunika leso mpya. Nikamwambia Najma mwambie asogee, ananizibia mwanga. Hakuwa akinizibia chochote.

Sasa la leo.

Lazima kwanza mjue desturi yetu, nyinyi mlioko mbali. Katika visiwa hivi nyumba ni ya mwanamke. Bibi arusi hahami. Anayehama ni bwana arusi: anasindikizwa kwa ngoma mpaka mlangoni, anaingia kwa mkewe, na mlango ule ni wa ukoo wa mama. Najma mama yake ni binti yangu, Mungu amrehemu, alimwacha mdogo. Nimemlea mimi. Ghorofa ya juu ni yake: nimeipaka chokaa, nimeitia madirisha mapya, kitanda cha nguzo kimesimama na chandarua chake. Mchumba wake Fahadi ni kijana wa hapa hapa mjini, anatengeneza kompyuta za ofisi huko Moroni. Ilikuwa aje aingie kwangu. Tumepanga, meli ikakataa. Tumepanga tena, meli ikakataa tena.

Asubuhi Najma akaita kwa kamera. Picha ilikuwa inaganda ganda, midomo inasema hapa, sauti inafika baadaye. Lakini kitu kimoja nilikiona sawasawa kabla hajanigeukia. Alikuwa amesimama nyuma ya Bi Mariamu, amemshika mkono juu ya kipanya, anamwongoza. Taratibu, Koko. Bonyeza mara mbili. Hivyo hivyo, Koko.

Koko, kwetu, ni bibi. Ni jina langu.

Na mkono ule ulinishika mimi hivyo hivyo, kwenye meza hii hii, siku ambazo nilikuwa nasukuma kipanya mpaka kinaanguka. Nilidhani ule ni mkono wangu. Nimeona wivu wa kuwania mume katika maisha yangu, nao haukuniuma namna hii.

Najma akaanza: "Koko, usikasirike."

"Sijakasirika."

"Uso wako ninauona."

"Picha imeganda. Sema."

Akasema. Imamu yuko tayari Ijumaa. Fahadi amechoka kungoja, na yeye amechoka. Watafunga nikahi huko Moroni, na bwana arusi ataingia nyumbani kwa Bi Mariamu.

Ataingia nyumbani kwa Bi Mariamu! Kwa mama wa baba! Niambieni nyinyi, nani amewahi kusikia? Mjini hapa watasema yule bibi hakuwa na nyumba, mjukuu wake ameombewa mlango. Na kitanda kile juu nimlaze nani, paka?

Sikutaka kulia mbele ya skrini bapa. Nikasema kwa sauti: "Aa! Umeme umekatika!" Nikanyoosha mkono nyuma ya meza nikachomoa waya wa ukutani. Skrini ikafa. Nikavuta pumzi.

Kisha nikasema yangu, peke yangu, chumbani mwangu. Nilisema watu wa Moroni wametufungia bandari, sasa wanachukua na bibi arusi. Nilisema mwanamke yule ana wana wanne wa kiume na hakupewa binti hata mmoja, hakuna bwana arusi aliyewahi kuvuka kizingiti chake, sasa anajifungulia arusi kwa tumbo la mwanangu aliye kaburini. Nilisema na mengine, haya ndiyo yanayoandikika.

Sauti ikatoka mezani: "Shoga, tunakusikia."

Nilidhani ni jini. Nilisoma aya.

Halafu nikamsikia Najma analia na kucheka pamoja: "Koko, kisanduku kiko kwenye betri ya akiba! Modemu, kamera na spika pia, tuliviunga pamoja. Skrini peke yake ndiyo iko ukutani. Na tumekuona unachomoa."

Mimi! Mimi ninayewafokea wateja wasiguse waya! Betri ile nimeipangusa vumbi kila siku ya Mungu, nikawa najisifu kwamba ofisi yetu haizimi kama ofisi za watu wengine. Kweli haikuzima.

Nilikaa mbele ya skrini nyeusi. Wao wananiona, mimi siwaoni. Msiombe hali hiyo.

Bi Mariamu hakunitukana. Angenitukana ningefurahi, ningekuwa na la kujibu. Alisema, "Maneno yako ya kweli. Sina binti. Wanangu wote niliwasindikiza mpaka mlangoni kwa watu, nikarudi nyumbani peke yangu na viatu mkononi. Ngoma zote nilizozilipia zimepigwa kwenye uwanja wa mwenzangu. Nyumba ya Najma ni yako, sijaitaka. Nimeomba mlango tu, mara moja, nijue inakuwaje."

Mvua ilikuwa inapiga bati la jirani. Nilijiona nilivyokuwa siku binti yangu alipoolewa, nimesimama juu ya ngazi nimevaa dhahabu yangu yote, watu wananiita mwenye nyumba. Na mama wa bwana arusi alikuwa chini kwenye kichochoro, na wenzake kutoka Moroni. Aliimba mpaka mwisho, kisha akatafuta njia ya kurudi walikofikia. Sikumtazama mara mbili. Nilikuwa na wageni.

Huyo mama wa bwana arusi alikuwa ni yeye, Bi Mariamu.

Najma akaniita, taratibu. "Koko? Ukisema tungoje, tutangoja. Wallahi. Nitamwambia Fahadi."

Hapo ndipo nilipojua kwamba kisu amenipa mimi. Ningesema ngojeni, angengoja. Angengoja mpaka wakubwa wapatane, na wakubwa wetu hawa hata bei ya ndizi hawapatani. Kijana angechoka akapita. Najma angerudi kwangu, na ghorofa, na kitanda, na mimi. Ningekuwa nimeshinda. Na mkono ule usingenishika tena hata nikianguka.

Mimi si mtu wa kuomba radhi. Ambao mnanifahamu mnafahamu. Nikauliza, "Mlango wako unatazama wapi?"

Bi Mariamu akasema, "Mlango gani?"

"Huo unaouomba! Unatazama barabarani au uani? Kamera itafika? Waya wa kamera ni mfupi, utaishia kwenye meza, nitaona migongo ya watu tu."

Kisha Najma akapiga kelele ya furaha, spika ikakoroma. Akasema Fahadi anayo kompyuta ya kupakata, wataiweka juu ya kiti mbele ya kizingiti kabisa, na waya mrefu wa mtandao atauvuta yeye mwenyewe. Basi ndiyo hiyo. Ile niliyoitukana hapo juu. Sitayafuta niliyoyaandika, nilikuwa nayaamini.

Nikatoa sharti. Siku meli itakapokuja, Fahadi ataingia tena, hapa, kwa mlango wangu, kwa ngoma, kama hajawahi kuoa.

Bi Mariamu akacheka: "Mwanamume mmoja amwoe mke mmoja mara mbili?"

"Kwani ni dhambi? Kwako anaingia mgeni, kwangu anaingia mwenyewe. Na wewe utakuja, utasimama juu ya ngazi pamoja na mimi. Dhahabu uje na yako, yangu hainitoshi."

Hakucheka tena. Nilimsikia anapenga kamasi. Ana kelele.

Likabaki la shiromani. Bibi arusi wa Mutsamudu anatoka na shiromani yake, nguo yetu nyekundu na nyeupe, na kuna namna ya kujitanda nayo ili uso ukae sawa na bega lisianguke. Najma aliondoka na ya mama yake kwenye sanduku, alhamdulillahi. Lakini wanawake wa Moroni watamfunga kama mzigo wa kuni. Nilimwambia Bi Mariamu hivyo hivyo, sikuzunguka.

Akasema, "Basi wewe sema, mimi nifunge. Mimi nitakuwa mikono tu."

Tumekubaliana hivyo. Maneno yangu, mikono yake.

Msidhani nimefurahi. Ijumaa mikono itakayogusa uso wa Najma si hii iliyomwogesha, na mimi nitakuwa huku nikipiga kelele kwenye kioo, kulia, kushoto, usimvute hivyo. Wivu uko pale pale, umekaa kifuani kama mteja asiyetaka kuondoka. Kompyuta ni kitu kizuri, nimewasifia hapa mara nyingi, inaandika, inahesabu, inavusha uso wa mtu baharini bila ruhusa ya mkubwa yeyote. Lakini mkono haivushi. Anayetengeneza mashine hizi angeshughulikia hilo kwanza, rangi ya samawati baadaye.

Mpwa wangu ameteremka kutoka kijiji cha Patsy na petroli kidogo ndani ya dumu, nimemwambia asimwuzie mtu. Jenereta nimelijaribu, linakohoa lakini linashika. Shiromani yangu mwenyewe nimeianika ndani, nje hakufai. Ijumaa nitaivaa, na dhahabu, na nitaketi kwenye kiti hiki hiki. Wakiniona huko Moroni waone mwenye nyumba.

Na kabla sijafunga ofisi leo nimeinama chini ya meza, mgongo wangu ukilalamika, nikachomoa tena waya wa skrini, niliokuwa nimeurudisha ukutani, nikauchomeka kwenye betri ya akiba, pamoja na vyombo vingine. Umeme ukikatika Ijumaa, safari hii ukatike kweli, betri itanishikia mpaka nivute kamba ya jenereta. Sitapitwa na kizingiti.