Ribiti ya Kumi na Mbili

Jumatatu, 11 Juni 2012

Odile asilimia 34. Garrouste 31. Wengine wote chali. Jumapili ijayo, duru ya pili ya ubunge, ni wao wawili tu: binti yangu na mgombea wa chama changu. Mungu, kama yupo, ana mzaha.

Asubuhi kahawa kwa Josiane. Roland akasimama, akavua kofia mbele ya baa nzima: "Jamani, pisheni, baba mheshimiwa anapita!" Wakacheka mpaka Josiane akamwaga maziwa. Roland na mimi tumekaza reli pamoja miaka thelathini, na sasa yeye ndiye katibu wa tawi letu. Nikamwambia aketi, asijitie wazimu. Lakini moyoni — hapa naweza kusema, daftari hili halina msomaji — nilivimba kichwa. Nilivimba!

Odile Perrichet, binti wa fundi wa reli. Leo jina letu liko ukurasa wa kwanza wa gazeti.

Halafu lile jambo. Tangu 1956 sijakipa kura chama kingine. Odile alipogombea umeya 2001, sikumpa. 2008 pia. Alishinda mara zote mbili bila mimi. Hajawahi kuniuliza. Angeuliza tungegombana, yangekwisha. Haulizi.

Jumanne, 12 Juni

Barua imekuja: Jumapili nitakaa mezani kituo cha kwanza kama wakala wa Garrouste, kama kawaida yangu. Msimamizi wa kituo ni meya. Yaani Odile. Tutakaa bega kwa bega siku nzima, baba na mwana, sanduku la kura katikati.

Roland: "Wewe usitulegezee, komredi. Mwaka ule wa 81 ulikuwa simba." Kweli. Mama mmoja alichora moyo mdogo kwenye karatasi ya mgombea wake, kwa mapenzi tu. Niligoma. Unatia kwenye bahasha karatasi yenye jina la mtu wako, basi; ukiweka hata nukta, kura imeharibika. Kanuni ni kanuni. Yule mama alilia, mimi nikaenda kula chakula changu.

Nimetoa picha kwenye kabati. 1979, lango la shule ya wahandisi, Paris. Wasichana wanne, wavulana mia na kitu. Koti la Odile alilishona Huguette, Mungu amrehemu mke wangu. Mwaka wa kwanza kazini, msimamizi mmoja alimwambia apike kahawa. Odile akapika. Akamletea kikombe, na chini ya kikombe ramani aliyoichora msimamizi mwenyewe, makosa kumi na manne yamezungushiwa duara. Hakuagizwa kahawa tena!

Daraja lake la kwanza, 1988. Nilipanda treni peke yangu kwenda kuliona. Nikagusa nguzo yake. Nikarudi. Sikumwambia mtu.

Jumatano, 13 Juni

Amefunga daraja!

Siku nne kabla ya kura! Daraja letu la chuma, lori, basi, baiskeli, vyote marufuku. Kuzunguka ni kilomita kumi na tisa. Wakulima watafikaje sokoni Jumamosi? Muuza mikate amempigia simu ya matusi. Kwa Josiane wote wanaongea kwa pamoja. Roland anasugua viganja kwa furaha: "Amejichimbia kaburi, na koleo kanunua mwenyewe."

Nimempigia. Nikamuuliza, mwanangu, huwezi kungoja mpaka Jumatatu?

Akasema: "Baba, daraja halijui tarehe."

Akakata simu. Ana haraka. Ana jeuri pia. Sijui ameitoa wapi.

Alhamisi, 14 Juni

Niandike vizuri hii.

Roland alikuja asubuhi na karatasi tupu. "Wewe ndiye fundi, Aimé. Nenda kagonge. Utuambie daraja ni zima, tuchapishe kesho: baba yake mwenyewe anasema ni zima. Tumemmaliza."

Nikachukua nyundo yangu ya mpini mrefu. Nakiri, nilitaka kumkuta amekosea. Kidogo tu. Mtu ana umri wa miaka 79, anataka bado kuwa fundi.

Mlinzi alinipisha. Mafundi wameacha jukwaa chini ya daraja, nikapanda polepole, magoti yananilaani. Nikaanza kugonga ribiti, zile pini nene zinazoshika chuma kwa chuma, moja moja, kama zamani. Ribiti nzima inalia. Iliyolegea inanyamaza. Kazi ni hiyo tu, ila kuijua ni miaka.

Odile alipokuwa na miaka saba nilimchukua Jumapili kwenye daraja la reli. Mimi nagonga, yeye anafumba macho, anapiga kelele: "Nzima, baba!" au "Imekufa!" Huguette alikasirika, mtoto alirudi na masizi mpaka kwenye nywele.

Nimegonga nguzo ya pili. Nzima, nzima, nzima. Kisha — kimya. Na nyingine. Nimehesabu kumi na moja zilizokufa, zote sehemu moja. Lori moja zito, mwezi mmoja zaidi... Nilishika chuma kwa mikono miwili.

Ndipo nikaona chaki. Duara nyeupe kuzunguka kila moja. Alikwishapita. Meya wa mji, mgombea ubunge, alipanda hapa na nyundo, hakumtuma mtu. Najua mkono wake, duara zake hazifungi juu tangu utotoni.

Duara kumi na mbili.

Nikarudi kwenye ile ya kumi na mbili. Nikagonga. Nikasikia nzima. Nikagonga tena, sikio karibu na chuma. Tena. Mara ya tano ndipo nikaisikia — imekufa, kidogo sana, ndani kabisa.

Mimi ilinipita. Yeye aliisikia!

Nimekaa juu ya jukwaa nikalia kama mtoto. Kwa fahari. Naandika wazi: kwa fahari.

Ijumaa, 15 Juni

Nimemrudishia Roland karatasi yake, tupu. Nikamwambia ribiti kumi na mbili zimekufa, na chama kinachotaka lori litumbukie mtoni ili kishinde si chama nilichojiunga nacho.

Akasema damu imekuwa nzito kuliko maji. Nikamwambia hapana, si damu, ni chuma. Yeye mwenyewe ni fundi wa reli, anajua. Karatasi haikuchapishwa.

Lakini Garrouste ni mtu mwema, na chama ni chama. Huguette na mimi tulikutana kwenye mkutano wa chama. Nitafanya nini Jumapili?

Jumamosi, 16 Juni

Soko limelala. Meza nane tu. Mwanamke mmoja alimwambia Odile usoni: "Kura yangu ulikuwa nayo, sasa umeitupa mtoni." Odile akamwambia: "Afadhali kura iende mtoni kuliko wewe."

Mchana kaja kula kwangu. Supu, jibini, cheri za bustani. Ana masizi kwenye kucha. Hakuniuliza kitu kuhusu kesho. Nilikuwa na maneno mdomoni, nikayameza na supu. Mlangoni nikamwambia tu: funga koti. Mwezi wa sita, joto lote hili!

Jumapili, 17 Juni

Saa nne asubuhi. Nimepiga kura. Nilichukua karatasi zote mbili mezani, kama kila mtu, ili jirani asijue. Nikaingia kwenye kibanda, nikavuta pazia. Nilikaa muda mrefu mpaka Roland akakohoa nje. Nikatoka na bahasha. Odile akafungua mdomo wa sanduku. Bahasha ikadondoka. Akatangaza kama anavyomtangazia kila mtu: "Amepiga kura!"

Karatasi ya Garrouste iko mfukoni mwangu. Nimeikunja mara nne.

Saa moja na nusu jioni. Naandika kwenye benchi la ukumbi, kwa penseli yangu ya buluu ya reli.

Tulifungua sanduku saa kumi na mbili. Roland alikuwa meza ya kuhesabu. Garrouste, Perrichet, Perrichet, Garrouste. Kisha akafungua bahasha moja, akasimama. Akaitazama karatasi. Akanitazama mimi. Anaijua penseli ya buluu ya reli, naye amebeba kama hii miaka thelathini.

"Mzee," akaninong'oneza, "wewe ni mjinga kuliko nilivyodhani."

Karatasi ya Odile. Na juu ya jina lake, neno moja: Nzima!

Nilijua kanuni! Nani anaijua kuliko mimi? Lakini nilipoliona jina letu limechapwa pale, peke yangu nyuma ya pazia, mkono haukuniuliza.

Wote wakanigeukia, mimi ndiye wakala. Nikakumbuka yule mama wa 81 na moyo wake. Nikasimama.

"Imeharibika," nikasema. Kwa sauti. Kanuni ni kanuni.

Karatasi iliyoharibika hubandikwa kwenye fomu, na sisi wa mezani tunaisaini. Ikapita kwa Odile. Akaisoma. Hakuinua macho. Akasaini pembeni, akanisogezea, nikasaini chini yake. Perrichet mara tatu kwenye karatasi moja, na haihesabiki.

Sasa jimbo zima limeshaleta matokeo, bado vijiji viwili. Odile yuko nyuma kwa kura tisa. Tisa! Kama ningeushika mkono wangu zingekuwa nane.

Simu inalia mezani kwake. Ni kijiji kimoja, lazima. Watu wanamtazama. Yeye hajaipokea. Ana ile karatasi mbele yake, amefumba macho kama zamani, anaigonga kwa kidole, mara mbili, na kichwa ameinamisha pembeni kidogo, anasikiliza—